Ndege wa Mei, mvua za Aprili

Ndege waimbaji wanaorudi Denmark na kusini mwa Sweden majira ya kuchipua hawafiki siku moja. Mbayuwayu huonekana Aprili. Nattergal, kama Wadenmark wanavyomwita, ndege wa kahawia mwenye uzito wa gramu 25 hivi na sauti inayouzidi mwili wake, huingia katika nusu ya kwanza ya Mei. Madume hutangulia, hujitwalia vichaka na kuimba usiku kucha, majike hufuata. Anayefunga msafara ni kærsanger, ndege mwingine mdogo mwenye jina la Kidenmark, ambaye mara nyingi hutua Mei inapokwisha au Juni inapoanza.

Wote watatu wametoka Afrika. Vifaa vya kupima mwanga vilivyofungwa mgongoni mwa nattergal wa Skandinavia vimeonyesha jinsi anavyoupitisha mwaka. Agosti anaondoka. Septemba na Oktoba hula wadudu wa Saheli, hasa Sudan, baada ya mvua za huko. Mvua za vuli zinapoanza husogea kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Huu ndio msimu ambao ukungu wa usiku na taa huwashusha ndege wengi wa safari hii katika hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi, na watafiti wamekuwa wakiwavisha pete miguuni tangu 1969. Mwaka unapoanza yuko kusini zaidi, upande wa Msumbiji na Zimbabwe, kisha anageuza. Ukiihesabu miezi, Denmark hupata mitatu na ushei. Iliyobaki ni ya Afrika na ya njiani, kwa hiyo kumwita mgeni wa Afrika si kumtendea haki.

Kinachomwambia aondoke si baridi wala joto. Karibu na ikweta mchana haupungui wala kuongezeka sana, lakini ndege ana saa yake ya mwaka mwilini. Mjerumani Eberhard Gwinner aliwaweka ndege wa jamii za namna hii mahali ambapo mwanga na joto havibadiliki, na bado walibadilisha manyoya na kuhangaika usiku msimu wa safari ulipokaribia. Saa hiyo humwamsha tu. Ili asafiri anahitaji mafuta mwilini, na mafuta hutokana na wadudu, nao wadudu hutegemea mvua. Ndiyo maana Aprili hutua kwanza Pembe ya Afrika, akajaze akiba kabla ya kuvuka Uarabuni.

Mwaka 2011 akiba hiyo haikupatikana kwa urahisi. Vuli ya 2010 ilikuwa haba, na masika yaliyofuata yakawa haba pia. Ni ukame uleule uliowasukuma Wasomali wengi hadi kambi za Dadaab, na Julai Umoja wa Mataifa ukatangaza njaa kusini mwa Somalia. Nattergal waliofungwa vifaa walikaa Pembe muda mrefu kuliko kawaida, na wakachelewa kufika Skandinavia. Mwenzao wa njia hiyo, Lanius collurio, ndege wa mgongo mwekundu anayetundika mawindo kwenye miiba, alichelewa vilevile. Watafiti walilichapisha jambo hili 2012. Mtu wa Copenhagen aliyengoja wimbo mwezi Mei alikuwa anangojea mvua ya Marsabit na Ogaden, ajue asijue.

Kærsanger ana ushahidi mwingine wa maisha yake ya Afrika, na huu hupendeza zaidi. Dume huyu huiga sauti za ndege wengine. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewasikiliza Ubelgiji, alionyesha kwamba dume mmoja huiga kwa wastani spishi 76 hivi, na zaidi ya nusu ni za Afrika. Huzijifunza akiwa mchanga, katika kiangazi chake cha kwanza Ulaya na safari yake ya kwanza kusini. Anapotafuta mwenzi kwenye bonde la Ulaya, basi, hujitambulisha kwa sauti za mabara mawili, na zile za kusini ndizo nyingi.

Skandinavia tarehe za kuwasili huandikwa na maelfu ya watu kila mwaka. Tarehe za kuondoka upande wetu haziandikwi hivyo. Anayeishi Skandinavia na ana ndugu Voi, Same au Marsabit amwombe aandike ni lini mbayuwayu wa mwisho alionekana mwezi Aprili, na mvua ilikuwaje wiki hiyo. Kisha yeye mwenyewe huko ughaibuni aandike siku aliyomsikia nattergal wa kwanza.