Nguo za Waliokufa Ulaya



Kila jamaa zetu wanapokusanyika hapa Leeds, iwe harusi, iwe Idi, iwe mkutano wa mwaka, hakosi mtu wa kunivuta pembeni akaniuliza juu ya "wale vijana wa nguo nyeusi". Wananiuliza mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni fundi cherehani, na wengi wa vijana hao ni wateja wangu. Ya pili, ambayo muulizaji huizunguka sana kabla ya kuifikia, ni kwamba binti yangu wa pili, mwenye umri wa miaka 17, naye amekuwa mmoja wao. Nimeona bora niyaandike yote kwa pamoja, mwenye kutaka kujua ajue.

Tuanze na majina. Neno panki tunalijua tangu nyumbani: ni ule mnyoo wa nywele zilizosimama katikati ya kichwa kama kishungi cha jogoo, na kijana aliyenyoa hivyo alihesabiwa muhuni. Hapa Uingereza wapanki ni watu wa muziki wa kasi na makelele, na nguo zilizochanika kisha zikabanwa kwa pini za nepi. Wagothi ni ndugu zao. Hao huvaa nyeusi kuanzia buti hadi kucha, kwa lesi na mahameli, na wanja mzito juu ya uso uliopakwa poda nyeupe. Ukiwaona barabarani utadhani wameapa kutupa kila kilichoachwa na wazee wao. Mimi ninayezishika nguo zao mkononi sijapata kuona vijana wanaozipenda nguo za mababu kama hawa.

Asili ya jambo hili iko mbali. Mfalme Edward wa Saba alitawala kuanzia 1901 hadi 1910, na mabwana wa zama zake walivaa makoti marefu. Vita vya Pili vilipokwisha, mafundi wa Savile Row, mtaa wa washonaji wakubwa wa London, waliufufua mshono ule kwa wateja wao wenye fedha. Lakini nguo zilikuwa zimetolewa kwa kuponi tangu 1941 mpaka 1949, na vijana wa mitaa ya wafanyakazi waliokulia katika uhaba huo wakaona kwamba koti refu, lenye kitambaa tele na kola ya mahameli, ndilo la kumwambia kila mtu kuwa dhiki imekwisha. Wakalichukua wao, mabwana wakaliacha. Vijana wale wakaitwa Tedi, kutokana na jina la Edward.

Mwaka 1971 Malcolm McLaren na Vivienne Westwood walifungua duka nambari 430, King's Road, London, wakaliita Let It Rock. Walichouza ni nguo hizo hizo za Tedi, ambazo wakati huo zilikuwa zimekwisha kuchakaa na kupitwa. Westwood alikuwa mwalimu wa shule. Ushonaji alijifunza mwenyewe, kwa kuzifumua nguo kuukuu na kutazama zilivyokatwa. Kila fundi anajua kuwa hakuna darasa lishindalo hilo. Mimi mwenyewe, Mombasa, nilifumua suruali ya marehemu babu yangu kabla ya kuruhusiwa kutia mkasi katika kitambaa kipya. Duka lile likabadilishwa jina mara kadhaa, na humo ndimo zilimotoka nguo za panki za 1976 na 1977, zama za bendi ya Sex Pistols. Ajabu ni kwamba kufika 1977 Tedi na wapanki walikuwa wakipigana ngumi barabara ile ile, ilhali duka moja liliwahi kuwauzia wote wawili.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu watupu nao wasikilize. Hapo hapo King's Road kulikuwa na duka jingine, Acme Attractions, lililouza nguo za zamani. Aliyelisimamia ni Don Letts, kijana mweusi wa London mwenye wazazi wa Jamaika, ambaye alipiga rege humo dukani mpaka vijana wakawa wanakwenda kusikiliza kama wanavyokwenda kununua. Na Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex, baba yake alikuwa Msomali. Alipanda jukwaani na vyuma vyake vya meno, amevaa nguo za mitumba za rangi kali, wala hakujali nani anacheka.

Gothi naye ni mtoto wa panki. Bendi ya The Damned ndiyo iliyotoa santuri ya kwanza ya panki ya Uingereza, Oktoba 1976, na mwimbaji wake, Dave Vanian, alivaa kama Dracula wa sinema za kale. Hapa kwetu Leeds bendi ya The Sisters of Mercy iliundwa mwaka 1980. Mwaka 1982 klabu iliyoitwa Batcave, yaani pango la popo, ilifunguliwa Soho, London. Kumbukeni mwaka huo ulikuwaje: wasio na kazi nchini walikuwa wamepita milioni tatu. Kijana asiye na mshahara hawezi kuingia duka la nguo mpya, lakini kwenye masoko ya vitu vikuukuu na katika maduka ya hisani, haya tunayoyaita chariti, aliweza kupata gauni la bibi wa mtu kwa senti chache. Akalipunguza, akalitia rangi nyeusi, akashona lesi shingoni. Leo wafanyabiashara wameshajua, wanaziita vinteji na bei zimepanda, lakini mwanzo wake ulikuwa umaskini na mikono yenye kazi.

Mwenye kutaka kuyaona yote haya mahali pamoja na aende Whitby, mji mdogo wa pwani hapa hapa Yorkshire, ambako wagothi wamekuwa wakikutana tangu 1994. Wanakwenda huko kwa sababu Bram Stoker, katika kitabu chake Dracula cha 1897, aliifikisha meli ya yule mnyonya damu katika bandari hiyo. Kwa fundi, hata hivyo, Whitby ina sababu nyingine. Malkia Victoria alifiwa na mumewe Desemba 1861, akavaa nyeusi mpaka alipokufa Januari 1901. Nchi nzima ikamfuata. Sisi tunajua eda ya miezi minne na siku kumi. Mjane wa Kiingereza wa zama zile alitarajiwa akae na nguo za msiba miaka miwili au zaidi, na mwanzoni avae kitambaa kisichong'aa. Pambo lililokubalika lilikuwa jiwe jeusi linalochimbwa katika majabali ya Whitby. Asili yake ni miti iliyozama na kugandamizwa kwa miaka mamilioni. Waingereza huliita jeti, wala halihusiani na ndege. Wakati wa Victoria, watu zaidi ya elfu moja mjini humo walikula kwa kulichonga.

Kwa hivyo kijana wa gothi anayepita na bruchi la jeti na gauni la kuburuta chini amevaa msiba wa mtu asiyemjua, aliyeliwa miaka mia moja na zaidi iliyopita. Hapo ndipo ndugu zetu wengi hushtuka. "Nguo ya maiti!" aliniambia mke wangu, siku binti yetu alipokuja na koti jeusi la miaka ya 1950 alilolinunua chariti kwa pauni nane.

Lakini jamani, sisi mitumba tuliiitaje? Tuliiita kafa Ulaya. Mtu akikutana na mwenzake kavaa shati zuri kutoka Kongowea, humwambia kwa mzaha kuwa mwenyewe kafa huko Ulaya, wakacheka, na shati likavaliwa. Marobota yale yanatoka kwenye chariti hizi hizi tunazopita kila siku. Sisi tulivaa nguo za wafu kwa haja, tukajificha nyuma ya mzaha kwa kuwa kulikuwa na haya ndani yake. Vijana hawa wanazivaa kwa heshima, na jina la marehemu likiwa limeshonwa ndani hawalibandui. Nimeletewa makoti ya namna hiyo, nikaombwa nibadilishe bitana lakini kile kitambaa chenye jina nikirudishe mahali pake.

Nililichukua lile koti la pauni nane, nikaligeuza ndani nje mezani, nikamwita binti yangu atazame. Nilimwonyesha bitana iliyopigwa kwa mkono, uzi kwa uzi. Nikamwonyesha kitambaa cha ziada ambacho fundi alikiacha ndani ya mishono, ili mwenye koti akinenepa liweze kupanuliwa. Nguo za siku hizi hazina akiba hiyo; zinakatwa ukingoni kabisa, mtu akiongezeka nguo hutupwa. Tukafumua mabega pamoja, tukayapunguza, tukayarudisha. Usione vyaelea, vimeundwa. Nina watoto wanne na wapwa watatu hapa Uingereza, na katika wote huyu wa nguo nyeusi ndiye wa kwanza kuniomba sindano.

Bibi yake huko Mombasa alitumiwa picha. Tulikaa tukingoja kishindo. Bibi akapiga simu, akauliza, "Ndiyo huyo mjukuu wangu? Nguo mpaka kwenye vifundo vya miguu, nyeusi tii? Mashaallah, mwishowe mmemvika buibui." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kuhusu ule wanja, bibi alisema tu kwamba umezidi.

Kinachobaki, ndugu zangu, si kicheko. Agosti 2007, huko Bacup, ng'ambo tu ya vilima hivi vya Pennine, msichana wa miaka 20 aitwaye Sophie Lancaster alikuwa bustanini usiku na mpenzi wake. Kundi la vijana likawavamia na kuwapiga mateke kwa sababu ya jinsi walivyovaa. Sophie hakuzinduka, alifariki tarehe 24 mwezi huo. Mwaka uliofuata wawili katika kundi lile walihukumiwa kwa kosa la kuua. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester walianza kuyaandika mashambulio dhidi ya wagothi na wapanki katika daftari moja na mashambulio ya chuki dhidi ya rangi na dini.

Binti yangu anakijua kisa hicho kuliko mimi. Sisi wazazi tulikisoma mara ya pili baada ya lile koti, na usingizi ukawa mgumu. Mke wangu alitaka nguo zifungiwe kabatini. Aliyebadilisha mawazo yake ni yeye mwenyewe. Alikumbuka siku aliyotukanwa kwenye basi, yeye na buibui lake, na dereva akatazama mbele kama hasikii. Jioni ile nilimwambia, kwa kumwogopea, avae rangi nyingine akienda kazini. Hakukubali, na mpaka leo anavaa. Akaniambia: "Nikimvua mtoto koti lake kwa ajili ya wahuni wa barabarani, kesho mimi nitavaa nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Basi tumepatana hivi. Usiku harudi peke yake. Ama yuko na wenzake, ama mimi ninakwenda kumchukua na gari, hata ikiwa saa sita. Kwenye msiba na kwenye mambo ya wazee atapunguza wanja. Koti ni lake. Hofu haijaondoka, na mzazi yeyote anayeniuliza pembeni huwa namwambia hivyo hivyo, kwamba kila akichelewa dakika kumi mimi niko dirishani.

Na ninyi wazazi wenzangu ambao watoto wenu wameanza kurudi na magauni ya bibi za watu, kabla ya kuwagombeza, zigeuzeni nguo hizo ndani nje. Tazameni mshono. Mtajua mtoto ameokota takataka au ameokota kazi ya mtu.

Mwisho, nina tangazo dogo. Dukani kwangu nina cherehani ya akiba, Singer ya kukanyaga kwa mguu, nzima kabisa. Kila Jumamosi baada ya saa nane mchana haina kazi. Kijana yeyote wa kwetu, wa kiume au wa kike, wa nguo nyeusi au nyeupe, mwenye koti la kupunguzwa au suruali ya kutiwa kiraka, na aje nalo. Kufundishwa ni bure. Uzi aje nao mwenyewe, na sindano akiivunja atanunua nyingine.

Wakatabahu,
Fundi wenu, Leeds