Maji Moto Hayachomi Nyumba?

Wahenga waliacha methali isemayo kuwa maji moto hayachomi nyumba. Aghalabu hutumiwa kumtuliza mtu aliyetishwa kwa maneno matupu: aache wasiwasi, maana povu la sufuria si ndimi za moto. Hata hivyo, methali ni kama vazi. Humkaa huyu na kumbana yule. Katika boma moja la uwanda wa Kinangop, kaunti ya Nyandarua, maji moto yaliichoma nyumba polepole kwa miaka 30 na ushei. Hakuna aliyepiga mayowe, kwa kuwa nyumba yenyewe haikuwa ya mbao wala ya mabati. Ilikuwa kifua cha mama.

Kinangop ni nchi ya baridi. Uwanda huo uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kando ya safu ya milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mawingu huyalalia mashamba ya viazi na kabichi mchana kutwa. Ilhali Januari na Februari, anga inapotakata usiku, sakitu huanguka na kuyaacha majani kana kwamba yamemwagiwa unga. Katika nchi ya namna hiyo maji ya moto si anasa. Huhitajika kumwogesha mkembe, kumnawisha ajuza, kuosha vyombo vyenye mafuta na kusafisha viwele vya ng'ombe kabla ya kukamwa.

Mama wa boma hilo alikuwa akiamka saa kumi alfajiri. Aliingia katika jiko lililojengwa kando ya nyumba, akapekua majivu kutafuta kaa lililosalia, akapuliza hadi machozi yakamtiririka. Juu ya mafiga matatu aliteleka sufuria kubwa isiyokuwa na kifuniko. Kufikia saa kumi na mbili alikuwa amekwisha kuteleka na kuepua mara tano: maji ya ng'ombe, maji ya mumewe, maji ya watoto wanne waliokuwa na safari ya shule. Yeye mwenyewe alioga mwisho kwa maji yaliyopoa, na siku nyingine hakuoga kabisa.

Mwanawe wa pili alikuwa wa kwanza kuingia jikoni kuchukua beseni lake. Kwa desturi ya Wagikuyu, mwana wa kiume wa pili hupewa jina la baba yake mama. Ndiyo maana mama huyo hakumwita mwanawe ila "Baba". "Baba, chukua maji kabla hayajapoa," ndiyo salamu iliyomkuza. Kijana akaenda shule akinukia moshi, akafaulu, akafika chuo kikuu kusomea Kiswahili. Asubuhi ya kwanza bwenini alizungusha mfereji na maji ya moto yakamwagika bila ya mtu yeyote kupuliza chochote. Wenzake walishangilia. Yeye alisimama chini ya maji hayo huku ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekumbushwa deni. Saa hiyo hiyo, alijua, mama yake alikuwa akihangaika na kuni mbichi.

Deni lilianza kudaiwa alipokuwa amekwisha kuajiriwa kama mwalimu. Kikohozi cha mama, ambacho watoto walikizoea kama walivyozoea mlio wa jogoo, kiligeuka kuwa kuhema. Hospitalini daktari aliuliza kama mama alikuwa amevuta sigara kwa miaka mingi. Mama akacheka, hakuwahi kuigusa. Daktari akauliza alipikia nini. Baada ya jibu hilo hapakuwa na kicheko. Alielezwa kwamba sehemu ya mapafu iliyokwisha kuharibika haingerudi, na kwamba dawa ya kwanza miongoni mwa dawa zote ilikuwa kuuepuka moshi.

Ikumbukwe kwamba mama huyo hakuwa peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zilitegemea kuni kwa mapishi. Shirika la Afya Duniani nalo limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020. Takwimu kama hizi husomwa kwa wepesi mpaka mtu aone moja ya tarakimu zake imeketi kwenye benchi la hospitali, imeshika leso.

Mwalimu yule akashika kalamu. Ndoo ya lita 20 ikitolewa kwenye baridi ya nyuzi 15 hadi nyuzi 45, ambazo zinatosha kuogea, huhitaji takriban megajuli 2.5 za joto. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi. Kwa hesabu hiyo kilo moja ingetosha ndoo sita. Lakini mafiga matatu hukipa chombo kati ya asilimia 10 na 15 tu ya joto la kuni. Kinachosalia hupashia moto ukuta, paa na upepo. Hivyo kila ndoo ilimeza zaidi ya kilo moja, na ndoo tano za kila siku zilimeza zaidi ya tani 2 kwa mwaka. Kwa miaka mingi kuni hizo zilitoka msituni, zikibebwa kwa mgongo wa mama. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, amri iliyokuja kuondolewa mwaka 2023, kuni na makaa yalizidi kuwa adimu na bei ikapanda, na boma likaanza kuila miti yake lenyewe: mikaratusi ya mpakani ikaanguka mmoja baada ya mwingine.

Mwana akaamua kumlipa mama yake kwa jua. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Katika sehemu nyingi za Kenya kila mita mraba hupokea kati ya kilowati-saa 4 na 6 za nishati ya jua kwa siku, na ndoo moja ya maji ya kuoga huhitaji 0.7 tu. Alichukua mkopo wa miezi 24 kutoka chama cha akiba na mikopo, akanunua mtambo wa kupasha maji: paneli bapa yenye mabomba ya shaba chini ya kioo, na tangi la lita 150 juu yake. Utendaji wake hauhitaji pampu. Maji yanayopata joto ndani ya paneli huwa mepesi, hupanda tangini yenyewe, na yale baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mafundi walikuja Desemba, wakapanda juu ya paa, wakamaliza kabla ya machweo.

Mama alitazama kazi hiyo akiwa uani. Aliuliza swali moja tu: "Baba, na usiku wa sakitu?"

Mwana alikuwa na shughuli ya kuwalipa mafundi. Alimjibu kwamba wataalamu wanajua kazi yao.

Kwa majuma matano boma liliishi kama lililozaliwa upya. Kisha ikafika usiku mmoja wa Januari, anga nyeupe kwa nyota, na baridi ikashuka chini ya kiwango cha kugandisha. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na shaba haijui subira. Asubuhi jua lilipochomoza, mabomba yalipasuka katika sehemu tatu, maji yakachuruzika juu ya mabati hadi uani. Mkopo ulikuwa umebakiza miezi 23. Karo ya kitindamimba wao, iliyotegemea mshahara huo huo, ilichelewa muhula mzima, na msichana wa watu akarudishwa nyumbani mara mbili.

Mama hakusema neno. Aliingia jikoni, akapekua majivu, akapuliza. Mwana aliposikia kikohozi kile kupitia ukuta ndipo alipotambua kuwa kilichopasuka si shaba peke yake. Jioni alikwenda akaketi kwenye kigoda kando ya moto, akaanza kuwalaumu mafundi. Mama akamwacha amalize.

"Mimi nimeishi na sakitu hii tangu nilipoolewa," akasema. "Najua inaanza usiku upi na inalala upande upi wa boma. Hukuniuliza, Baba."

Maneno hayo hayakuwa na ukali, na kwa sababu hiyo hayakuwa na mahali pa kupingwa. Mwana alikuwa amejifunza kutoa kabla ya kujifunza kuuliza. Aliupima moshi, akazipima kuni, akalipima jua. Hakumpima mtu aliyeyabeba yote hayo mgongoni.

Likizo ya Aprili alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikaa jikoni juma zima, akiamka saa kumi pamoja na mama yake, akiwa na daftari. Mama alisema, mwana akaandika. Ikabainika kuwa nusu ya vita ilikuwa ya kujizuia kupoteza joto kuliko kutafuta joto jipya. Sufuria ilikosa kifuniko. Kuni zilitiwa motoni zikiwa na unyevu, na moto ukazichemsha kwanza kabla ya kuyachemsha maji. Bomba la kwenda bafuni lilipita nje mita 15 bila ya kufunikwa. Fauka ya hayo, kila mtu alitaka kuoga alfajiri, saa ambayo maji ya jua yamekwisha kulala usiku kucha tangini, badala ya jioni yanapokuwa na joto zaidi.

Wakaanza na mambo yasiyo na gharama kubwa. Kifuniko kikapatikana. Uchaga ukajengwa, kuni zikakaushwa kwa miezi kabla ya kuguswa. Mafiga yakaondolewa na mahali pake pakajengwa jiko la udongo na matofali lenye dohani ya kutoa moshi nje, na ubavuni mwake dumu la chuma linalopasha maji kwa joto ambalo zamani lilipotelea ukutani. Baada ya mavuno ya viazi ndipo paneli iliyopasuka ilipobadilishwa kwa mirija ya kioo yenye kuta mbili na ombwe katikati, ambayo huhimili sakitu vyema zaidi, kwa kuwa ombwe hilo huzuia joto kutoroka. Mabomba yote ya nje yakavishwa sponji nene. Mama ndiye aliyechagua pembe ya paa, mbali na kivuli cha mikaratusi iliyobaki.

Zoezi gumu kuliko yote lilikuwa kubadili saa ya kuoga. Mama aliona kuwa mtu anayetoka asubuhi bila kuoga ni kama aliyetoka bila kusalimu. Walijadiliana siku nyingi, na mwisho wakaafikiana: watu wazima waoge jioni, wajukuu waoge alfajiri kwa maji ya tangini, na katika miezi ya mawingu dumu la jikoni liwasaidie. Hapakuwa na mshindi. Kwa hiyo mapatano hayo yamedumu.

Haitakuwa haki kumweleza msomaji kwamba kifua cha mama kilipona. Hakikupona, na daktari hakuwa ameahidi hivyo. Bado hupumzika mara mbili anapopanda kutoka mtoni. Lakini siku hizi huamka saa kumi na mbili, na mjukuu wake anayekua humo hajui kwamba jiko ni mahali pa kulilia.

Kiswahili hutumia neno moja, moto, kwa ule unaowaka na kwa hali ya maji yaliyo tayari kuogewa. Yamkini waliounda usemi huo hawakuona njia ya kuwa na la pili bila la kwanza. Boma lile la Kinangop limejaribu kuvitenganisha viwili hivyo, si kabisa, bali kwa kiasi cha mtu kupumua. Nalo limeifunza methali ya wahenga maana ya ziada: maji moto huenda yasichome nyumba, ila anayependa kujua yamechoma nini, na amuulize kwanza aliyeyateleka.