Idi ya Kuchinja Huko Kyuso

Kutoka Mombasa hadi Kyuso ni safari ya kutwa. Mtu huiacha barabara ya Nairobi pale Kibwezi, akapita Mutomo na Kitui mjini hata akatokea Mwingi, penye barabara kuu ya Garissa, kisha akashika njia ya kaskazini iendayo Tseikuru. Ni nchi kame, ya majabali, miiba na mibuyu, na mbuzi ndio akiba ya kila nyumba. Huko tulikaa na ahali zetu miaka miwili tukiwasomesha watoto wa Waislamu wachache waliotawanyika, na huko tuliijua Idul-Adh-ha ya ugenini.

Idi ya pwani haina haja ya kuelezwa kwa wasomaji wetu. Mtoto huamka akizijua nyumba atakazozipitia kabla ya adhuhuri. Kyuso, mtoto wetu mdogo aliuliza: je, yeye ataenda nyumba ya nani? Jirani zetu wote walikuwa Wakamba, tena Wakristo. Hatukuwa na jibu siku ile.

Tulianza kwa kutafuta mbuzi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mbuzi wa udh-hiya sharti awe ametimiza miaka miwili, asiwe kiguru wala chongo, wala asiwe amepungukiwa na kipande cha sikio. Hili la mwisho ndilo lililotutoa jasho, kwani mbuzi wengi tuliowaona sokoni walikuwa wamekatwa masikio kuwa alama ya mwenyewe. Sikio lililopasuliwa tu halina neno. Lililoondolewa kipande halifai. Basi tukawa twainama kwa kila mbuzi, twapapasa masikio, na wauzaji wakiuliza kama mwalimu ananunua nyama au ananunua masikio. Mzee mmoja, jirani yetu, alitaka kujua sababu. Tulipomweleza kuwa kinachotolewa kwa ajili ya Mola kisiwe na ila, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu zake nao hawakuwa wakitoa sadaka ya mnyama mwenye kasoro. Akatuzungusha boma kwa boma hata tukampata beberu mweusi, masikio yake yote mawili mazima.

Likabaki suala zito zaidi. Wamo wanazuoni wakubwa wa Kishafi wanaozuia nyama ya udh-hiya kupewa asiye Mwislamu, naye Imamu Nawawi katika Majmuu ameona kuwa ile ya sunna yafaa kupewa. Sisi tulipenda kutoka katika khitilafu. Lakini tungewezaje kufunga mlango siku ya Idi? Jirani hawa hawa, Krismasi iliyopita, walituletea mbuzi wao akiwa hai ili tumchinje kwa mkono wetu, tupate kula pamoja nao. Tena yajulikana khabari ya Abdullahi bin Amri, aliyechinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akauliza na kurudia kuuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa.

Fundo lilifunguliwa na mke wetu. Alisema: wachinjwe wawili, mmoja wa Idi na mwingine wa wageni. Rai njema, ila mfuko ulikuwa mtupu. Habari za jikoni hazikai jikoni. Jioni yake akaja mama mmoja mjane, jirani wa ukuta kwa ukuta, akivuta mbuzi kwa kamba. Tulikataa. Tulijua kuwa mbuzi yule ni karo ya muhula. Akakasirika waziwazi. "Mwalimu," akasema, "Krismasi mlikula kwangu wala sikuwadai. Leo mwaninyima kuwakaribisha wageni wenu?"

Tulimpokea. Hata leo tunaona kuwa kumrudisha kungalikuwa ni kumvunjia heshima kubwa kuliko thamani ya mbuzi.

Siku ya Idi tuliondoka alfajiri kwenda kuswali Mwingi, tukarudi kwa matatu, tukachinja. Beberu mweusi aligawiwa nyama mbichi kwa nyumba za Waislamu maskini, baada ya sisi kuchukua fungu letu dogo la baraka. Mbuzi wa mama mjane ndiye aliyeingia katika pilau. Wanawake wa Kikamba walikoka moto na kusimamisha mafiga, mke wetu akatoa bizari, iliki na mdalasini alivyovihifadhi tangu Mombasa, nao wakashangaa kitunguu kuachwa kiungue hadi kiwe cheusi. Walikuja na vyao pia: sufuria ya muthokoi na mbaazi, na chupa ya asali. Mwenye asali alitanguliza kusema kuwa ni asali tupu, maana huko pombe ya kienyeji hutengenezwa kwa asali, naye hakutaka tupate wasiwasi.

Mtoto wetu alipita nyumba nne kabla ya magharibi. Katika kila nyumba aliulizwa "Wi museo?", akajibu "Ni museo", akapewa sarafu. Ya tano ilikuwa ya yule mzee wa masikio. Huko alilala usingizi, akarudishwa amebebwa begani, kanzu yake imejaa vumbi jekundu.