Ndoo ya Maji na Rangi Mpya

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara kwa nini taasisi zetu hukarabatiwa kila mwaka na bado huchakaa mapema. Safari hii sitawajibu kwa nadharia. Nitawajibu kwa mikwaruzo midogo iliyo juu ya rangi mpya ya gari, jambo ambalo madereva wa Biharamulo na Ngara wanalijua vizuri kuliko wahadhiri.

Mwezi Julai nilipita njia hiyo, kutoka Lusahunga kuelekea Rusumo, nikiwa na gari lililotoka kupakwa rangi. Barabara kuu ni ya lami, lakini ukiiacha kuelekea vijijini unaingia kwenye udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi huwa laini kama unga. Siku ya tatu, jua la asubuhi lilipopiga boneti, niliona michirizi myembamba iliyozunguka kama utando wa buibui. Hakuna tawi lililokuwa limeligusa. Ilikuwa kazi ya kitambaa cha kufutia.

Wekundu wa vumbi lile unatokana na kutu ya chuma, lakini kinachokwaruza ni chembechembe za mchanga zilizomo, ambazo ni ngumu kuliko rangi ya gari. Ukifuta gari likiwa kavu, unalisugua kwa mchanga. Na rangi mpya huumia zaidi, kwa maana ile ya gereji za mitaani, isiyopitia tanuri, hukauka juu kwa saa chache lakini huendelea kukomaa kwa majuma kadhaa.

Fundi rangi niliyemwendea Biharamulo mjini hakukimbilia mashine. Aliliosha kwanza kwa maji mengi, kisha akapitisha ukucha juu ya michirizi.

"Mwalimu, ukucha ukiteleza, polishi inatosha. Ukinasa, mkwaruzo umeshapita klia. Hapo nikichukua pesa yako nitakuwa nakudanganya."

Uliteleza. Akalisogeza gari kivulini, akasubiri bati lipoe, akasugua kwa mkono kwa kampaundi laini, sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo. Nta aliikataa hadi mwezi upite, ili mvuke wa thina uliobaki ndani ya rangi upate pa kutokea.

Maelezo yake ndiyo yaliyonikaa kichwani. Wengi wetu hudhani polishi huujaza mkwaruzo. Kumbe kampaundi hula klia iliyo kando yake, mpaka uso wote ushuke ulingane na chini ya mkwaruzo wenyewe. Gari hung'aa kwa sababu limepungua. Na klia, lile tabaka angavu la juu linaloikinga rangi na jua na mvua, kwa kawaida halizidi unene wa unywele mmoja. Mara chache si neno. Ikiwa desturi, siku moja utaisugua rangi yenyewe, na dawa pekee itakuwa kupaka upya.

Pale gereji alikuwapo dereva wa halmashauri moja ya mkoa huu. Gari lake, lenye namba za SM, hupigwa polishi kila inapotangazwa ziara ya kiongozi. Likikutwa na michirizi, lawama humwangukia yeye, naye humshukia kijana aliyeliosha. Mara mbili amemlipa fundi kutoka mfukoni mwake.

"Naomba maji, napewa barua," alisema, wala hakucheka.

Kiini kiko hapo. Kijana yule hafuti gari kavu kwa uvivu. Mito ya Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji yake huzalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini mito iko mabondeni, na watu wengi wanaishi vilimani. Kiangazi, dumu la lita 20 husukumwa kwa baiskeli hadi juu, na bei yake hufuata jasho hilo. Muoshaji anayelipwa kwa kila gari hawezi kumwaga maji ovyo. Hukichovya kitambaa kilekile katika ndoo ileile, yenye mchanga wa magari yote ya asubuhi.

Tazameni basi mfuatano wake: kilichokosekana ni maji, kosa likaandikwa kwa dereva, fedha zikaenda kwenye polishi. Ndivyo zahanati inavyopakwa rangi kabla mgeni hajafika, ilhali bomba lake halitoi tone. Ndivyo barabara ya vumbi inavyochongwa katika juma la Mwenge na kusahauliwa masika. Kila mng'ao wa aina hiyo hula kitu: fungu la matengenezo, saa za watumishi, na imani ya mwananchi, ambayo nayo ni tabaka jembamba.

Katiba yetu, katika Ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, naye kila mwaka hutupitishia ukucha. Pale unaponasa, jibu la polishi ni udanganyifu ambao hata fundi wa mtaani aliukataa.

Ndugu zangu watumishi wa umma, kabla ya kutia saini barua ya onyo, ulizeni kama mhusika alipewa maji. Wanaharakati, msiishie kuuliza nani amekwaruza. Ulizeni pia mng'ao huu umegharamiwa na fungu gani. Na kwa mwenye gari lililotoka kupakwa rangi, ushauri ni mfupi: mwagia maji kwanza vumbi lishuke, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ndipo ufute. Hata kwa bei ya kiangazi, ndoo ya pili ni rahisi kuliko kupaka rangi upya.