Injini Ikianza Kugonga

Kila mwenye motokari hapa Likasi aijua sauti hii, tena aiogopa: ko, ko, ko, chini ya injini, hafifu kungali baridi, kubwa zaidi injini ikisha kupata moto. Watu husema, "Kusine imekufa." Kusine ni kile kipande chembamba cha madini, mfano wa bangili iliyokatwa nusu. Viwili huungana kuukumbatia mhimili mkuu wa injini pale unaposhikwa na mkono wa pistoni. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya hukiita beringi. Ni kitu cha kutia mfukoni, lakini kikiharibika na mtu akaendelea kuendesha, mkono wa pistoni waweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini. Hapo injini nzima ni chuma cha kuuza kwa kilo.

Labda mtauliza, kwa nini waliounda injini walitia madini laini mahali pa kazi ngumu namna hiyo? Sababu yake ni njema. Mhimili wa chuma ni wa bei kubwa. Kusine ni ya bei ndogo. Yafaa kidogo kiliwe ili kikubwa kipone. Tena chembe ya mchanga ikiingia, yazama katika ule ulaini isiukwaruze mhimili. Mmarekani mmoja, Isaac Babbitt, alipewa haki ya uvumbuzi wa jambo hilo mwaka 1839. Madini yanayoitwa kwa jina lake karibu yote ni bati, pamoja na antimoni na shaba kidogo. Kusine nyingi za injini za zamani zina mgongo wa chuma, juu yake tabaka la shaba na risasi, na juu kabisa utando mwembamba wa risasi na bati.

Shaba, bati, risasi! Shaba imesafishwa hapa kwetu Shituru tangu mwaka 1929, hata kabla mji huu haujaitwa Jadotville (jina lililoondolewa mwaka 1966). Bati lilichimbwa Manono miaka mingi. Risasi ilitoka Kabwe, ng'ambo ya mpaka, mpaka mgodi ule ulipofungwa mwaka 1994. Nasi leo twanunua kusine katika kisanduku kilichovuka bahari, na mara nyingine ni ya bandia.

Sasa niwaeleze habari ya nyumbani kwetu. Tuna pikapu kuukuu ya dizeli, mali ya ukoo. Shemeji yangu huiendesha njia ya Kambove, akichukua magunia ya makaa na mahindi, na siku nyingine nami hupanda humo kwenda kufundisha vijijini. Fedha za masomo za watoto wanne wa sekondari hutoka katika magunia hayo. Ilianza kugonga mwezi wa sita, mitihani ikiwa karibu, na fedha za shule zilikuwa hazijatimia.

Fundi mmoja wa kando ya barabara akaja, akasikiliza, akasema ataimaliza jioni ile ile. Dawa yake? Kukata kipande cha mshipi wa ngozi, kukiloweka katika mafuta, kukitia mahali pa kusine. Au kupiga tupa kile kifuniko cha mkono ili kibane. Shemeji akafurahi, maana bei ilikuwa ndogo. Simcheki. Mtu mwenye deni la shule huona jioni moja kuwa mwaka.

Lakini jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi katika karakana kuu za Panda. Kule, kwa mashine kubwa, walikuwa wakiyeyusha bati lile wenyewe na kulimimina. Alinieleza jinsi walivyopima moto wake: walichovya kijiti cha msonobari, kikibadilika rangi kuwa cheusi bila kuwaka, madini yako tayari. Shemeji alipomwendea, mzee akamwambia, "Mwanangu, ngozi itakufikisha Kambove. Haitakurudisha."

Akatueleza sababu. Injini ikizunguka, mhimili haugusi kusine hata kidogo. Huelea juu ya utando wa mafuta. Nafasi ya utando huo ni karibu sehemu tano za mia za milimita moja, ndiyo chini ya unene wa unywele. Ngozi huziba tundu la mafuta, kisha huungua. Na kifuniko kikipigwa tupa, lile tundu halina mviringo tena. Hata ukinunua kusine mpya ya Japani, haitakaa sawa maisha yake yote. Basi shemeji akanyamaza.

Kwanza mzee alitafuta ni silinda ipi. Injini ikinguruma polepole, alilegeza kidogo mrija wa dizeli wa silinda ya kwanza, kisha wa pili. Alipolegeza wa tatu, kugonga kukapungua. Ndiyo hiyo. (Kwa injini ya petroli, huondolewa waya wa plagi.)

Tukamwaga mafuta. Tukaweka magogo chini ya fremu, maana jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu anayelala chini ya gari. Injini tukaiinua kidogo kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe, ili bakuli la mafuta lipate kutoka. Mke wangu akatundika vitenge pande zote kuzuia vumbi. Mwajua vumbi letu la kiangazi, lile jekundu. Lingaliingia humo, kazi yote ingalikuwa bure.

Kusine ya tatu ilikuwa imekwisha utando wake, na wekundu wa shaba ulionekana wazi. Sasa likaja jambo lililonikaza moyo. Mzee alipitisha ukucha juu ya mhimili. Ukucha ukinasa, mhimili sharti utolewe, ukachongwe kwa mashine Lubumbashi, kilometa 120 kutoka hapa, na kutiwa kusine nene zaidi. Gharama hiyo hatukuwa nayo. Akapitisha mara tatu. Haukunasa. Akapima kwa mikromita pande mbalimbali, akaona mviringo ungali mzuri. Akausugua kwa msasa laini sana wenye mafuta, kwa mwendo wa mtu apigaye viatu rangi, tundu la mafuta likiwa limezibwa.

Nami nilidhani kazi imebaki kutia kusine mpya tu. Mzee akasema, "Mwalimu, mgonjwa huyu hatujajua nani alimpa ugonjwa." Akachukua kile kichujio kilicho chini ya pampu ya mafuta, akakisafisha kwa petroli. Mkatoka vipande vya silikoni, ile gundi ya kuziba bakuli. Aliyefungua injini kabla yetu aliipaka nyingi, ikavuja ndani, ikaenda kuziba kichujio. Kusine ilikufa kwa kiu. Tungaliibadili bila kutazama hapo, mpya nayo ingalikufa.

Tulibadili kusine za mikono yote minne. Kila kifuniko kilirudi kwenye mkono wake na upande wake ule ule, maana havibadilishani. Tulipima nafasi kwa uzi laini kama nta, unaopondwa katikati na kulinganishwa na kipimo chake. Boliti tulizikaza kidogo kidogo kwa spana ya kupimia nguvu, ya kuazima. Bakuli likapata gasketi ya karatasi. Kabla ya kuwasha, tulifunga njia ya dizeli, tukazungusha injini kwa stata hata taa ya mafuta ikazimika. Hapo tu ndipo tulipowasha. Ilikuwa saa nne ya usiku, Jumamosi, baridi kali, na mzee alitega sikio lake kwenye bisibisi ndefu iliyogusa ubavu wa injini. Akainua kidole gumba.

Baada ya kilometa mia tano tulimwaga mafuta yale mapya, tukayachuja kwa kitambaa cheupe. Hatukuona chembe ya shaba. Mzee hakutaka fedha. Alipokea gunia moja la makaa. Watoto wote wanne walifanya mitihani. Zile kusine kubwa zinazoushika mhimili wenyewe hatukuzifungua. Mzee amesema tuzisikilize mpaka mvua zianze, na shemeji sasa kila asubuhi huinama na bisibisi yake kabla ya kupakia gunia la kwanza.