Mgonjwa Mmoja, Faili Tatu

Kipandauso kilimpeleka dada yangu kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mimba zilizoharibika zikampeleka kwa daktari wa wanawake. Mguu ulipovimba na kuwa wa moto, akapelekwa kwa daktari mwingine. Kila mmoja alifungua faili yake na kuandika dawa yake. Faili zilikuwa tatu; mgonjwa, mmoja.

Aliyeziunganisha ni daktari kijana aliyevuta kiti na kumwambia, "Dada, nieleze yote, hata unayoona hayanihusu." Baada ya vipimo ukapatikana ugonjwa uitwao sindromu ya antifosfolipidi, uliobainishwa na Graham Hughes na wenzake jijini London mwaka 1983. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazofanya damu igande ndani ya mishipa pasipo jeraha. Ikiganda mguuni, mguu huvimba. Bonge likisafiri hadi mapafuni, pumzi hukatika. Ubongoni, hata kijana hupata kiharusi. Kondo la nyuma likiathirika, mimba huharibika. Wengine ngozi yao huchorwa michirizi ya zambarau kama wavu. Wapo pia wenye kingamwili hizo wasiougua kamwe.

Ugonjwa huu una vituko vyake. Mwilini damu huwahi kuganda, lakini katika baadhi ya vipimo vya maabara huchelewa. Tena kipimo cha VDRL kinaweza kuonyesha kaswende kwa mtu asiye nayo, kwa kuwa kingamwili hizo hukihadaa. Hebu fikiria karatasi ya jibu hilo ikimfikia mume ambaye tayari anatafuta sababu!

Kwa hiyo madaktari hawatoi hukumu kwa jibu la kwanza. Hurudia kipimo baada ya wiki 12 au zaidi, maana kingamwili zinaweza kujitokeza kwa muda tu, mathalani baada ya maambukizi, kisha zikatoweka. Mawifi wa dada hawakuwa na subira hiyo. Mimba ya kwanza ilipotoka walisema ana mkosi. Ya pili, wakaanza kumtafutia kaka yao mke.

Leo dada anatumia warfarini, anapima damu kliniki, na mchicha anaula kwa kiasi kilekile, kwani ukizidi ghafla hupunguza nguvu ya dawa. Akitaka kushika mimba tena, ataanza kwa daktari, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Wajawazito hupewa aspirini kidogo na sindano za heparini, na wengi hujifungua salama.

Nilichojifunza ni hiki: anayemjua mtu kwa tukio moja hajamjua bado. Kabla ya kumpa jina, mwombe akusimulie na mengine.