Kikohozi cha mjomba kina majina matatu

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Wapo mlionitumia ujumbe mkidhani nimehamia gazeti jingine au nimeoa kimyakimya. Hakuna lolote kati ya hayo. Nilikuwa nyumbani Shinyanga, kisha Geita, kisha Mwanza, nikimhangaikia mjomba wangu, na nimerudi na habari ambayo mhariri wangu anasema haina tukio. Eti mtu kukohoa si habari. Basi naiweka hapa.

Mjomba aliondoka Shinyanga mwaka 1999, alipochoka kulima pamba. Mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama. Akaenda Nyarugusu, Geita, kutafuta dhahabu. Mwaka uliofuata mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji, lakini yeye hakuwahi kuvaa kofia ya mgodi mkubwa. Yeye ni mtu wa maduara. Alianza kwa nyundo na tindo, akaja kushika mashine ya kuchoronga mwamba, na nguvu za kushuka chini zilipopungua akahamia kwenye karasha, kule mawe yanakosagwa. Kama hujawahi kusimama karibu na karasha, piga picha ya mashine ya kukoboa mahindi, ila inachosaga ni jiwe kavu na unga wake unatua kwenye nyusi, kwenye chai na kwenye godoro. Kinga yake ilikuwa fulana kuukuu iliyofungwa puani.

Kikohozi kilipoanza kilipewa jina la kwanza: vumbi tu. Kila mtu pale anakohoa, kwa hiyo hakuna mgonjwa. Baadaye kikaitwa kifua kikuu. Zahanati moja ikampa dozi ya miezi sita ingawa makohozi yake hayakuonyesha vimelea. Akaimaliza, akaendelea kukohoa, akapewa dozi nyingine. Jina la tatu lilikuwa pumu, akawa anachomwa sindano kila kifua kinapombana. Silihesabu jina alilotoa mganga mmoja, ambalo lilitugharimu mbuzi wawili.

Na mimi? Miaka miwili iliyopita nilitumwa Geita kuandika juu ya bei ya dhahabu. Nililala chumbani kwa mjomba siku tatu. Usiku kucha alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, anahema kama mtu aliyetoka kukimbizwa. Nikavuta shuka, nikalala. Asubuhi nikamuuliza wakia moja inauzwaje siku hizi. Makala ilitoka ukurasa wa mbele na nilipongezwa, hebu fikiria.

Mwaka huu binamu yangu alinipigia simu akasema baba hawezi tena kufika chooni bila kupumzika njiani. Ndipo nikaomba ruhusa kazini. Tulimvusha kwa gari juu ya daraja jipya la Kigongo na Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, tukaenda kumwona daktari wa kifua Mwanza.

Daktari alimpa kipimo kimoja ambacho katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa. Unavuta hewa mpaka kifua kijae, halafu unapuliza kwenye bomba kwa nguvu zako zote mpaka usibaki na kitu. Mashine inaangalia hewa yote uliyotoa, na kiasi gani kilitoka katika sekunde ya kwanza. Kisha unavutishwa dawa ya kufungua njia za hewa, unasubiri kidogo, unapuliza tena. Kama baada ya dawa sekunde ile ya kwanza bado inatoa chini ya asilimia 70 ya hewa yote, njia zako zimeziba. Mwenye pumu mara nyingi dawa humfungulia njia kwa kiasi kikubwa. Mjomba haikumfungua vya kutosha. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na mstari kwenye kioo ukapanda taratibu kama mzee anayepanda kilima.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita kwa herufi nne, COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwenye mapafu. Una sura mbili kubwa. Ya kwanza ni mkamba sugu: mirija ya hewa inavimba na kutengeneza makohozi mengi kupita kiasi. Kipimo chao ni kukohoa makohozi karibu kila siku kwa miezi mitatu au zaidi kwa mwaka, miaka miwili mfululizo. (Niliposikia hivyo nilianza kuhesabu. Kwa mjomba ni zaidi ya miaka kumi.) Sura ya pili ni emfisema. Mwisho wa mirija ile kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na hapo ndipo damu inapochukua oksijeni. Kuta za vifuko zinabomoka, vidogo kadhaa vinakuwa kimoja kikubwa kilicholegea, na hewa inaingia lakini haitoki vizuri. Ndiyo maana kifua cha mgonjwa hutanuka kama pipa wakati mwili wenyewe unakonda, na ndiyo maana mjomba alikuwa anakunja midomo kama anayepoza chai. Tulidhani ni mazoea tu, kumbe alikuwa anajisaidia kutoa hewa.

Wengi wana sura zote mbili kwa viwango tofauti, na mjomba ni mmoja wao. Picha ya eksirei ilionyesha pia makovu ya silikosisi, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa: chembe za silika kutoka kwenye mwamba zinanasa ndani kabisa ya mapafu na mwili unazizungushia makovu. Ubaya zaidi ni kwamba pafu lenye silika linashambuliwa na kifua kikuu kirahisi kuliko pafu jingine. Kwa hiyo siwalaumu sana wale wa zahanati kwa kufikiria kifua kikuu, maana ukanda huu ni lazima ukifikirie. Ninachowalaumu ni kwamba walipokosa vimelea hawakufikiria kitu kingine.

Baada ya hapo nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya ile makala ya bei. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ambao ulipima vumbi la silika kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa hapa Tanzania. Waliokuwa wakichoronga chini ya ardhi walikutwa wakivuta wastani wa miligramu 16.85 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini ni 0.05. Gawanya mwenyewe, utapata mara 337. Waliofanya kazi juu ya ardhi walikuwa karibu mara nne ya kiwango hicho. Zebaki tumeiandika sana, ina semina na vipeperushi vyake. Vumbi halina hata bango.

Nilimuuliza daktari kuhusu sigara, maana mjomba hajawahi kuvuta hata moja na shangazi zangu walikuwa wanashangaa. Ukisoma taarifa za Shirika la Afya Duniani utaona kuwa katika nchi tajiri uvutaji unabeba zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa COPD, lakini kwenye nchi kama zetu ni kama asilimia 30 mpaka 40. Waliobaki ni watu wa vumbi na watu wa moshi. Mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani, ukiwa wa nne kwa kuua.

Watu wa moshi ndio walioninyima usingizi, kwa sababu mjomba tulimpeleka apumzike kwa bibi. Bibi anapika ndani, kwenye jiko la mafiga matatu, na Shinyanga yetu kuni ni za kutafuta, hivyo anachoma magunzi, miti ya pamba, na wakati mwingine samadi kavu ya ng'ombe. Macho yake ni mekundu tangu namfahamu. Ninyi wa mjini labda hamjui maana ya hayo macho kwetu. Kuna vikongwe waliokatwa mapanga usukumani kwa sababu ya macho mekundu tu, wakiitwa wachawi, wakati ni moshi wa jikoni. Na moshi unaofanya macho yawe hivyo, kifuani unafanya nini? Bibi naye anakohoa asubuhi, wala hatujawahi kukipa jina kikohozi chake.

Nilimnunulia mtungi wa gesi wa kilo 6. Anautumia kuchemshia chai ya mgonjwa tu, kwani anasema ugali wa gesi unaiva juu, ndani unabaki mbichi. Nimeshindwa kubishana naye. Tumehamishia mafiga chini ya mwembe, hapo alikubali.

Mapafu yaliyobomoka hayajengeki tena. Mjomba ana dawa ya kuvuta, ana mazoezi ya kupumua, na ameambiwa asiliguse tena vumbi wala moshi. Juzi alitembea mpaka kwenye lango la boma na kurudi. Aliponiona namwangalia akacheka, "Mjomba, usiniandike gazetini kabla sijafa."

Anayenisumbua ni binamu yangu. Ana miaka 22, ada ya chuo imekwama, na wiki iliyopita ameshuka kwenye duara jirani na lile la baba yake. Nilimpigia. Nikamweleza yote haya, yale 337 na picha ya eksirei. Nikamwambia angalau wachoronge huku wakimwagia maji, vumbi hupungua sana mwamba ukilowa, na anunue barakoa ya kweli, siyo fulana.

Alinisikiliza vizuri tu. Halafu akasema, "Kaka, huku pipa la maji tunanunua. Mwenye duara anasema maji ni ya kuoshea dhahabu. Wewe ungemwambiaje?"

Nikamwambia nitampigia baadaye.